Namba sita, kiwanja cha Tunguu na mganga anayejiita wa Pemba

Kila karafuu zinapoanza kuanikwa, maswali ya watu waliotapeliwa huongezeka. Tapeli anaijua kalenda yetu: lini Pemba ina pesa mkononi, lini watu wanalipa ada za skuli, lini wanaotaka kwenda Hija wanakusanya nauli. Nimechagua manane. Mengine ni yale yale niliyokwisha kuyajibu, nami nawaomba msome kabla hamjaandika.

Maalim, shoga yangu kaniandikia WhatsApp kuwa namba zake sita zimekuja kwangu kwa makosa, nimpe. Niliona muhali kumnyima. Sasa yangu haifunguki, na watu wanasema nawaomba laki mbili za hospitali. (S., Wete)

Aliyekuandikia hakuwa shoga yako. Yeye mwenyewe aliibiwa kabla yako kwa njia hiyo hiyo. Zile namba sita ndizo ufunguo wa akaunti yako, na hakuna namba sita za mtu mwengine zinazokuja kwenye simu yako kwa makosa.

Ifungue WhatsApp upya, andika namba yako, subiri namba sita mpya kwa ujumbe wa kawaida, ziingize. Hapo mwizi anatolewa. Kama ameshaweka namba yake ya siri, utaambiwa usubiri siku saba ndipo uingie, lakini ndani ya siku hizo saba na yeye yuko nje. Ukisharudi, weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio. Leo hii wapigie jamaa zako kwa sauti, mmoja mmoja, uwaambie wasitume kitu. Anza na wazee.

Kilichoniuma ni hilo neno muhali. Tumelelewa tusimvunje mtu uso, na ni malezi mazuri kwa jirani anayebisha hodi. Kwa ujumbe wa simu ndiyo mlango wa mwizi. Shoga wa kweli ukimpigia ukamuuliza, "Ni wewe?", hakasiriki.

Nimepata ujumbe, "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Nitume? (Wengi)

Hapana. Utume huo ujumbe kwenda 15040, TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, waipate namba ya tapeli, kisha uufute. Hili sitalijibu tena.

Mtu kanipigia, anasema ni wa mtandao. Alilijua jina langu kamili na namba yangu, ndiyo maana nikamwamini. Wanalijuaje? (Msomaji, Mkoani)

Jina lako kamili analiona yeyote anayejaribu kukutumia pesa. Anaandika namba, jina linatokea kabla hajathibitisha, anaghairi, kisha anakupigia: "Bi fulani binti fulani, hujambo?" Hapo ndipo ujuzi wake wote unapoishia. Akikutia shaka kata, halafu piga 100 wewe mwenyewe uulize. Na namba ya siri hakuna mfanyakazi wa mtandao anayeihitaji, hata kwa kuitaja nusu.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye dirisha la wakala pale Chake Chake. Asubuhi moja alikuja mzee, simu kaibana baina ya sikio na bega, noti zake zinanukia karafuu. Akaniandikia namba kwenye kipande cha boksi, akanambia nitume milioni moja na laki mbili. Nikamuuliza anamtumia nani. Akaweka kidole mdomoni. Aliyekuwa kwenye simu alikuwa amemkataza kusema na mtu mpaka muamala upite. Mzee huyu alikuwa rika la baba yangu, nikaona muhali kumhoji. Nikatuma. Kabla ya adhuhuri alirudi, akakaa kwenye ngazi ya duka, anaitazama simu tu.

Tangu siku ile naamini alama kubwa ya utapeli ni hiyo: unaambiwa usimwambie mtu. Kwanza anakutenga na mke, mume, watoto, hata wakala aliye mbele yako. Ukishakuwa peke yako, zilizobaki ni dakika. Mawakala mnaosoma hapa, ulizeni. Mteja akikasirika, na akasirike.

Imeingia 150,000, kisha mtu akapiga analia kuwa amekosea, nimrudishie haraka. Nimrudishie? (Khamis, Fuoni)

Kwanza, imeingia kweli? Usitazame ujumbe, tazama salio kwenye menyu ya huduma yako. Ujumbe wa kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya mtu ya kawaida, lakini hata ukija na jina la huduma, salio ndilo lenye kauli ya mwisho. Kama haikuingia, huna cha kurudisha.

Kama imeingia, usiitume kwa mkono wako. Mwambie apige 100, mtandao wenyewe uirudishe, na wewe uache kuitumia mpaka hapo. Pesa hiyo huenda imeibiwa kwa mtu wa tatu. Ukiituma mbele, polisi watakapofuatilia watalikuta jina lako katikati ya njia.

Dalali ananiuzia kiwanja Tunguu, miguu 20 kwa 20, bei nzuri, na barua ya sheha ipo. Anasema kuna mteja mwengine anakuja Ijumaa. Nitoe pesa? (Dada aliye Muscat, kwao Mtambile)

Dada yangu, usitoe hata shilingi mpaka usome mpaka mwisho.

Huyo mteja wa Ijumaa namfahamu. Amekuwa akija Ijumaa kwa miaka na hajawahi kufika.

Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, ni ushahidi wake kwamba watu fulani walikuja mbele yake. Haimfanyi muuzaji kuwa mwenyewe. Ardhi yetu Zanzibar kwa sheria ya mwaka 1992 ni mali ya umma chini ya Rais, na tunachouziana ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo swali la kwanza ni haki hiyo imesajiliwa kwa jina la nani, na jibu liko Kamisheni ya Ardhi, haliko mfukoni mwa dalali. Uhaulishaji, yaani kuihamisha haki hiyo kwa mtu mwengine, nao una bodi yake. Mauziano ya barzani yasiyofika huko ndiyo yanayozaa wenye kiwanja watatu, kila mmoja na karatasi yake na muhuri wake.

Halafu mirathi. Baba amefariki, shamba halijagawiwa, kaka mkubwa anauza kipande kwa kipande, na dada zake walioolewa mbali hawana habari. Ukinunua hapo umenunua kesi. Ukijenga, siku moja atatokea mama wa makamo na watoto wake, atasimama kwenye msingi wako aseme hapa ndipo nilipozaliwa, na atakuwa na haki. Uliza kama mirathi imepita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahkama ya Kadhi, uone karatasi ya mgao, na warithi wote watie saini, wanawake kwanza maana ndio wanaorukwa. Eka tatu za baada ya Mapinduzi zinataka uangalifu zaidi. Zilitolewa zilimwe na familia iliyopewa, hazikutolewa ziuzwe.

Kwa kuwa uko mbali, mtume mtu wako bila dalali. Asiende mara moja, aende mara mbili, siku tofauti, akae na majirani wa pande zote nne awaulize wanamjua nani hapo. Majirani wanajua kila kitu, ila hawataki kumharibia mtu biashara yake mpaka waulizwe wazi. Muhali tena.

Pesa ilipwe kwa benki, kwa jina la mwenye haki. Dalali apate chake baada ya kazi kwisha.

Kuna programu ya kutazama matangazo kwa simu, unaweka kianzio unalipwa kila siku. Nimeshatoa pesa mara mbili, kwa hiyo si utapeli. Wewe wasemaje? (Kijana, Michenzani)

Malipo hayo mawili ndiyo chambo. Mvuvi naye humlisha samaki kabla ya kuvuta mshipi.

Jiulize faida inatoka wapi. Charles Ponzi, Boston, mwaka 1920, aliahidi asilimia 50 ndani ya siku 45 kwa biashara ya kuponi za posta. Biashara haikuwapo: wa mwanzo walilipwa kwa pesa za waliofuata. DECI ilikusanya pesa za watu Tanzania mpaka ikafungwa mwaka 2009. LBL, iliyokuwa hii hii ya matangazo kwenye simu, ilizua kilio mwaka 2025. Jina linabadilika, hesabu ni ile ile, na wa mwisho kuingia ndiye anayelipia wote.

Msinijibu kuwa hata mama zetu wanacheza upatu. Upatu wa mama zetu ni watu kumi wanaojuana, kila mmoja elfu kumi, anayepokea anapokea laki moja. Haizidi. Hakuna faida, kwa hiyo hakuna wa kuliwa. Wanaoliita genge lao upatu wanaazima heshima ya wanawake hao.

Toa ulichobakisha leo, usiongeze. Kisha nenda kwa wale wote uliowaingiza ili upate bonasi ukawaambie. Wao hawakuiamini programu. Walikuamini wewe.

Mganga wa Pemba niliyemuona Facebook anataka 300,000 za ubani ili pesa zangu zizae. Ni wa kweli? (Dar es Salaam)

Mimi nimezaliwa Pemba na nimekulia Pemba. Anayeweza kuzalisha pesa kwa ubani hangehitaji laki tatu zako. Jina la kisiwa chetu linauzwa na watu ambao wengine hawajawahi kupanda boti ya kuja Mkoani. Amechagua biashara hii kwa sababu anajua ukishaibiwa utaona haya kwenda polisi. Anayekununulia karafuu kwa magendo kwa bei ya juu kuliko ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, hutegea hapo hapo: kwanza anakutia kwenye kosa, kisha anakudhulumu, na wewe huna pa kushtaki.

Nimetapeliwa 2,300,000, pesa ya mchango wa harusi ya mtoto wetu. Mume wangu hajui. Siwezi kulala. (Mama, Chake Chake)

Mama yangu, si wewe wa kwanza, na kuibiwa si dhambi. Wa dhambi ni aliyeiba.

Piga 100 sasa hivi, usisubiri asubuhi. Ikiwa pesa bado ipo kwenye laini ile, wanaweza kuizuia. Usifute ujumbe hata mmoja. Andika namba aliyotumia, jina lililotokea, saa na kumbukumbu namba ya muamala. Nenda kituo cha polisi nazo ufunguliwe jalada, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika hapa kwetu kama Bara. Ukishafika nyumbani piga *106#, uone kama kuna laini usizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mume wako mwambie usiku huu, kabla hajasikia kwa mwengine. Ukiona uzito, muombe dada yake au kaka yako akae nanyi mnapozungumza.

Na wiki ijayo atakupigia mtu mpole, atasema anaweza kuzirejesha zote ukimpa laki moja ya kufuatilia. Ni yule yule, au kauziwa namba yako. Kata simu, umwambie mume wako kuwa kapiga.