Usimchome shepadi mweupe sindano ya ng'ombe kabla hujapima jeni yake

Vunja miadi ya Jumamosi. Umeandika kwamba una mbwa aina ya shepadi mweupe wa Uswisi, jike wa miezi saba, kwamba unaishi Dodoma, kwamba kupe wamemjaa masikioni, na kwamba muuzaji wa duka la dawa za mifugo atakuja nyumbani kumchoma sindano ileile anayowachoma ng'ombe wako. Kisha ukauliza kuhusu chakula, kuogesha, joto na mafunzo. Mimi nilikwama kwenye "sindano ileile". Mwaka 2019 niliyatamka maneno hayo kwa kinywa changu, na siku ya sita nilimzika mbwa wangu chini ya mparachichi.

Aliitwa Chumvi, naye pia alikuwa shepadi mweupe. Alikuwa na umri wa miaka miwili na uzito wa kilo 29, na tulikaa naye Machame, kwenye kihamba chenye migomba na ng'ombe wawili wa maziwa wanaofugwa bandani. Masika ya mwaka ule yalileta kupe wengi kupita kiasi. Kila jioni nilimkagua kwa tochi kwenye kwapa, kati ya vidole na ndani ya masikio, na katika manyoya yale meupe kupe aliyeshiba alionekana kama buni iliyokauka. Nilikwenda dukani kununua dawa ya kuogeshea. Muuzaji, ambaye huvaa koti jeupe na huitika akiitwa daktari, aliniambia kwamba kuogesha ni kupoteza sabuni, akachukua chupa ya ivermektini ya asilimia 1, dawa ya kuua minyoo na wadudu, kutoka kwenye rafu ya dawa za ng'ombe, akafunga duka na kunifuata nyumbani.

Fuatilia hesabu hii kwa makini, kwa sababu wewe pia utaambiwa kwamba dozi ni ndogo tu. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Ng'ombe huchomwa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito wake, yaani miligramu 0.2 kwa kilo. Kwa kipimo hicho cha ng'ombe Chumvi angepata chini kidogo ya mililita 0.6, lakini bwana yule alivuta mililita nzima "ili kupe wasirudi", na hivyo mbwa wangu akapata takriban miligramu 0.34 kwa kila kilo ya mwili wake. Dozi ya ivermektini ambayo mbwa hupewa kila mwezi kuzuia minyoo ya moyo ni mikrogramu 6 tu kwa kilo. Chumvi alipewa zaidi ya mara 50 ya kiasi hicho kwa mchomo mmoja, saa nne asubuhi, huku mimi nimemshika kichwa na kumwambia kwamba ni msichana mzuri.

Jioni alikataa kula. Nilidhani sindano inamuuma. Saa mbili usiku alianza kuyumba miguu ya nyuma, mate yakamtiririka, na alipokuja kwenye sauti yangu alijigonga kwenye mguu wa meza kana kwamba haukuwepo. Nilipommulika tochi machoni, mboni zilikuwa zimepanuka hadi jicho zima likawa jeusi, wala hazikusinyaa kwa mwanga. Alikuwa haoni. Nilimpigia simu muuzaji, akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba dawa imemzidi kidogo, nimpe maziwa.

Nikampa maziwa. Nilimfungua taya na kummiminia kikombe kizima mbwa ambaye koo lake halikuwa tena na nguvu za kumeza. Sindano ilikuwa imepita chini ya ngozi, kwa hiyo hapakuwa na kitu chochote tumboni ambacho maziwa yangeweza kukizuia. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya maziwa iliingia mapafuni. Kabla ya usiku wa manane alianguka na hakuinuka tena.

Daktari wa mifugo wa kweli, mwenye leseni, alifika kesho yake asubuhi. Aliniuliza swali moja tu, mbwa huyu amechomwa nini, na nilipomwonyesha chupa alikaa kimya kwa muda mrefu. Alinieleza kwamba sumu hii haina dawa ya kuiondoa, na kwamba kazi pekee iliyobaki ni kuushikilia uhai hadi mwili uitoe dawa wenyewe, jambo linaloweza kuchukua siku nyingi au hata majuma. Tulimwekea dripu. Tulimgeuza ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda na ili pafu moja lisielemewe, tukampaka mafuta ya macho kwa sababu hakuwa akipepesa, tukamzungushia chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kanga. Mke wangu alishika zamu ya usiku, mimi ya mchana. Siku ya tatu alitikisa mkia kidogo aliposikia geti, na tukaamini kwamba anarudi. Siku ya nne homa ya mapafu ilimpanda. Siku ya sita alfajiri alikata roho.

Hasira yangu kwa mtu yule haijaisha, na sababu yake naijua vizuri. Nilipomwendea dukani aliniambia kwamba amechoma mbwa zaidi ya mia na hakuna aliyekufa. Naamini alisema kweli, na ndiyo hatari yenyewe. Mbwa wa kienyeji kwa kawaida huihimili dozi kama ile bila hata kuyumba, hivyo kila mbwa aliyepona alimwongezea imani, naye akauchukulia uzima wa mbwa hao kama cheti chake cha udaktari. Hakuwa amesoma kibandiko cha chupa, kilichoorodhesha ng'ombe, kondoo na nguruwe bila kumtaja mbwa popote. Aliuza maarifa asiyokuwa nayo, akapokea fedha yangu, na bado anavaa koti lile.

Jambo ambalo hakulijua, na ambalo nami sikulijua, ni jeni inayoitwa MDR1. Mbwa mwenye jeni hiyo iliyo kamili ana protini inayofanya kazi kama bawabu kwenye mishipa ya damu ya ubongo: dawa fulani zikijaribu kuingia, bawabu huzisukuma zirudi. Kwa baadhi ya mbwa jeni hiyo imepungukiwa na vipande vinne vidogo vya maandishi yake, protini haitengenezwi ipasavyo, na dawa hupita moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Katrina Mealey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, ndio walioueleza upungufu huu mwaka 2001 walipochunguza mbwa aina ya koli, ambao karibu asilimia 70 wanaubeba. Shepadi weupe wanaoubeba ni wachache kuliko koli, lakini wapo wa kutosha kumfanya kila mwenye mbwa huyu apime. Usidhani pia kwamba weupe ndio ugonjwa: rangi ya manyoya hutokana na jeni nyingine kabisa, kwa hiyo kumtazama mbwa hakutakuambia lolote.

Mfugaji aliyeniuzia naye sijamsamehe kwa moyo wote. Alinisimulia kwa muda mrefu habari za Lobo, dume anayehesabiwa baba wa aina hii, aliyezaliwa Marekani mwaka 1966 na kupelekwa Uswisi, akanionyesha karatasi na kunihakikishia kwamba aina hii ilitambuliwa kikamilifu na FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, mwaka 2011 kwa namba 347. Yote hayo ni kweli. Lakini nilipomuuliza baada ya msiba kama wazazi wa Chumvi walipimwa MDR1, alijibu kwamba hayo ni mambo ya koli. Daktari alikuwa amechukua sampuli ya shavu la Chumvi kwa kijiti cha pamba wakati bado amelala kwenye dripu, akaituma maabara ya ng'ambo. Majibu yalifika majuma kadhaa baada ya mazishi: nakala zote mbili za jeni, ya baba na ya mama, zilikuwa na upungufu. Kwa hiyo wazazi wote wawili walikuwa wakiubeba.

Sheria yangu kwako ni moja: hakuna dawa inayoingia mwilini mwa mbwa huyu kabla hujasoma jina la dawa hiyo kwenye kibandiko na kabla jeni ya mbwa haijapimwa. Hadi majibu yatakapofika, mhesabu kuwa ana upungufu wa nakala mbili. Ivermektini si dawa pekee. Loperamidi, kidonge cha kuzuia kuharisha ambacho watu huwapa mbwa wao kutoka kabati la nyumbani, ni hatari kwake. Asepromazini ya kumtuliza safarini na butorfanoli ya maumivu zinaweza kumlaza kupita kiasi, na vinkristini, ambayo madaktari wetu huitumia sana kutibu uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wanapopandana, huhitaji kipimo kipunguzwe. Na ng'ombe wako wakichomwa ivermektini, mzuie mbwa asifike bandani kwa siku nyingi, kwa sababu dawa hiyo hutoka kwa wingi kwenye kinyesi, na mbwa mchanga hula samadi bila aibu.

Kupe usiwapuuze, maana wao pia huua. Ukiona fizi zimepauka au mkojo una rangi ya chai, mkimbize kwa daktari siku hiyohiyo. Lakini ivermektini haiwaondoi kupe wa mbwa kwa uhakika, kwa hiyo Chumvi alikufa kwa dawa ambayo hata kazi yake isingeifanya. Vidonge vya fluralana au afoksolana, kwa kipimo cha mbwa, vimeonekana salama hata kwa wenye upungufu wa MDR1, ila mwambie daktari kama amewahi kupata degedege. Fiproni ya kudondosha shingoni pia inafaa, mradi usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada ya kuiweka.

Sasa ninaye dume mweupe, na suti yangu nyeusi ya kanisani imegeuka ya kijivu kwa manyoya yake hadi watoto wa Shule ya Jumapili wameniuliza kama nafuga kondoo. Nilimpima kabla sijamlipia: ana nakala moja yenye upungufu. Nimeandika "MDR1, USIMPE IVERMEKTINI" kwa wino mwekundu kwenye jalada la kadi yake ya chanjo na kwenye kibao cha getini, kwa sababu siku nyingine sitakuwepo nyumbani.

Bwana wa duka akija Jumamosi hata baada ya kukatazwa, mfungie mbwa ndani kwanza, uchukue ufunguo, ndipo umfungulie geti.