Nifanyiwe upasuaji wa mgongo au nisubiri?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 46 na ninauza ndizi katika soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Tangu miezi mitatu iliyopita nina maumivu yanayoanzia kiunoni na kuteremka mguu wa kushoto hadi unyayoni. Kipimo cha MRI kimeonyesha kuwa diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza na kugandamiza mshipa wa fahamu. Daktari wangu anasema upasuaji unaweza kunisaidia, ila hawezi kuniahidi kupona. Shemeji yangu anashikilia kwamba anayepasuliwa mgongo haamki tena. Siku hizi hata ndala ya mguu huo hunichomoka nikitembea. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na ndala, ingawa umeitaja mwishoni. Mshipa unaobanwa na diski ya sehemu hiyo ndio kwa kawaida unaonyanyua kidole gumba na sehemu ya mbele ya mguu, kwa hiyo ndala inayochomoka inaweza kuwa dalili kwamba misuli imeanza kudhoofika. Shika ukuta, ujaribu kutembea kwa visigino. Vidole vya kushoto visiponyanyuka sawasawa na vya kulia, rudi kwa daktari mara moja bila kungoja tarehe ya kliniki, kwa sababu udhaifu unaoongezeka hubadili uamuzi wote. Ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukigoma kutoka, nenda hospitali ya KCMC saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Ikiwa misuli ni mizima, hapo ndipo una nafasi ya kuchagua. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Waliopangiwa upasuaji wa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Hata hivyo, asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri waliishia kupasuliwa. Wala kusubiri kusiwe bila kikomo: utafiti wa Kanada wa mwaka 2020, kwa watu walioumwa kati ya miezi 4 na 12, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopasuliwa walikuwa na maumivu madogo zaidi ya mguu.

Tambua pia kwamba upasuaji huu hutibu mguu kuliko kiuno. Kama kinachokunyima usingizi ni mguu, matumaini ni makubwa. Kama ni kiuno chenyewe, ningekushauri usiukimbilie.

Kuhusu shemeji, namheshimu kwa kukujali, lakini huenda anawakumbuka watu waliovunjika uti wa mgongo katika ajali, ambao walikuwa wamepooza kabla ya kupasuliwa. Madhara yapo, kama vile maambukizi, kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo au diski kuchomoza tena, ila kupooza ni nadra, na wagonjwa wengi husimamishwa watembee siku hiyo hiyo au kesho yake.

Muulize daktari wako amewahi kufanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na wagonjwa wake wanaendeleaje. Kisha, kabla ya kukubali tarehe, tafuta mtu wa kukushushia mikungu kwa wiki kadhaa, kwa kuwa hutaruhusiwa kuinua mzigo, na ujira wake uuhesabu pamoja na gharama za hospitali.