Maswali ya Wasomaji: Asili Hazijumlishwi

SWALI: Mwanangu huandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Najua amekosa, ila nashindwa kumweleza kwa nini.

JIBU: Mwonyeshe kwanza kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Ameanza na nusu, akaongeza kitu, akaishia chini ya nusu! Hapo atatambua mwenyewe kwamba kuna jambo halijakaa sawa.

Kosa linatokana na kuiona sehemu kama namba mbili zisizojuana. Asili, yaani namba ya chini, haihesabu kitu. Inataja ukubwa wa kipande. Kinachohesabu vipande ni kiasi, namba ya juu. Nusu moja na theluthi moja ni vipande viwili kweli, lakini si vya aina moja, kwa hiyo lazima vikatwe upya mpaka vilingane. Mpe karatasi mbili za ukubwa mmoja, achore vyumba 6 vinavyolingana katika kila moja. Nusu itachukua vyumba 3, theluthi vyumba 2, jumla 5/6. Asili inabaki 6 kwa kuwa vyumba havikubadilika ukubwa.

Asili zikiwa kubwa, tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili bila baki. Kwa 5/12 + 7/18, KDS ni 36. Kumi na mbili inaingia mara 3, basi 5 × 3 = 15; kumi na nane mara 2, basi 7 × 2 = 14. Jawabu ni 29/36. Akizidisha tu 12 × 18 hatakosea, ila atapata 174/216 na kubaki na kibarua cha kurahisisha kwa 6. Mchunge asibadili asili akasahau viasi, akaandika 5/36 + 7/36. Kosa hilo halionekani haraka.

SWALI: Kati ya 3/7 na 4/9, ipi kubwa?

JIBU: Ni 4/9. Zidisha kiasi cha kila sehemu kwa asili ya mwenzake: 3 × 9 = 27, na 4 × 7 = 28. Wengi hutumia mbinu hii bila kujua kwamba kuna 63 iliyofichwa chini: umelinganisha 27/63 na 28/63.

Hata hivyo, usikimbilie kuzidisha. 5/8 imepita nusu na 4/9 haijafika, kazi imekwisha. 7/8 na 8/9 kila moja imepungukiwa na kipande kimoja ili iwe nzima, na pengo la 1/9 ni dogo kuliko la 1/8, kwa hiyo 8/9 ndiyo kubwa.

SWALI: 5 na 1/4 kutoa 2 na 2/3 napata 3 na 5/12. Kitabu kinasema 2 na 7/12.

JIBU: Kitabu kiko sahihi. Ulipoona 1/4 haitoshi kutolewa 2/3, uligeuza ukatoa ndogo kwenye kubwa. Andika 5 na 3/12, kopa nzima moja ambayo ni 12/12, upate 4 na 15/12. Sasa toa 2 na 8/12. Kuhakiki, jumlisha jawabu na ulichotoa. Lazima urudi kwenye 5 na 1/4.

SWALI: Inakuwaje 3/4 ÷ 1/8 iwe 6? Kugawanya si kupunguza?

JIBU: Swali linauliza thumuni ngapi zimo katika robo tatu. Robo moja ina thumuni 2, basi robo tatu zina 6. Nzima moja ina thumuni 8, ndiyo maana kanuni inageuza sehemu ya pili na kuzidisha: 3/4 × 8/1. Ukigeuza ya kwanza utapata 1/6, ambayo ni jawabu la swali jingine, 1/8 ÷ 3/4.