Kokwa ya mia

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: watoto wadogo shuleni washerehekee nini kabla ya mahafali, na washerehekee vipi? Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Ujiji, Kigoma. Jibu langu ni kwamba washerehekee siku ya mia ya masomo, humo humo darasani mwao, kwa vitu vya kuokota, bila mzazi kutoa hata shilingi.

Niyaseme kwanza ya mahafali, maana ndiyo yanayotusumbua. Mwisho wa mwaka ukikaribia, wanafunzi wa awali wanashonewa majoho, inatafutwa keki, anaitwa mpiga picha, inakodiwa spika. Simlaumu mzazi anayetaka picha ya mwanawe ndani ya joho. Lakini mtoto wa miaka sita hajui mahafali ni ya nini. Anachojua ni kwamba joho linamwasha shingoni, na kwamba mama yake kalipa au hajalipa. Tangu Januari 2016 elimumsingi inatolewa bila ada, ila mchango wa sherehe haukosi mlango wa kupitia. Nimewahi kuona mtoto anafichwa nyumbani siku ya sherehe kwa sababu ya elfu kumi tu. Alirudi siku ya pili yake na hakuuliza kitu. Hilo la kutouliza ndilo lililoniuma.

Sherehe ya siku ya mia asili yake si kwetu. Imeenea sana katika shule za Marekani, ambako mwaka wa shule una siku kama 180 na siku ya mia mara nyingi huangukia Februari. Watoto huleta vitu mia kwenye mfuko, wengine huvaa fulana zilizobandikwa vifungo mia, wengine huvalishwa kama vikongwe wa miaka mia. Sisi mwaka wetu wa masomo una siku 194 na tunafungua shule Januari. Kwa hiyo siku ya 97 ndiyo nusu, na ya mia kwa kawaida inatukuta Julai, muhula wa pili ukiwa bado mbichi. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anazijua wiki hizo. Watoto wametoka likizo, herufi walizokuwa nazo Mei zimepotelea shambani kwa bibi, na Desemba bado iko mbali. Hapo ndipo darasa linapotaka kitu cha kulinyanyua.

Tena mia yenyewe si namba ya hivi hivi. Kwa mtoto anayejifunza kuhesabu ndiyo mara ya kwanza kukutana na tarakimu tatu. Mamoja anayaona kwenye vidole, makumi anaanza kuyashika, lakini mamia kwake ni neno la sokoni tu. Akiijenga mia mwenyewe kwa miezi sita, hata ukimwamsha usiku atakwambia makumi mangapi yamo ndani yake.

Tunaijenga hivi. Siku ya kwanza ya masomo, Januari, naweka juu ya meza dumu la lita tano nililolikata shingo, lile jeupe linaloonyesha ndani. Pembeni naweka bakuli la kokwa za mchikichi, zile ngumu zinazobaki mawese yakishakamuliwa, ambazo ndani yake mna mise, yaani kiini chake. Hapa Kigoma hazihitaji kutafutwa. Kila asubuhi nikishaita majina, mtoto mmoja anakuja mbele, anachukua kokwa moja, anaidondosha ndani ya dumu. Inalia ko! Darasa zima linataja namba ya siku. Hiyo ni nusu dakika, basi.

Siku ya kumi tunazimwaga kokwa zote mezani, tunazihesabu, tunazifunga ndani ya kipande cha wavu chakavu na kukitundika ukutani kwenye msumari. Dumu linabaki tupu. Mamoja yanakaa kwenye dumu, makumi yananing'inia ukutani. Siku ya ishirini inapofika kuna mifuko miwili ukutani na dumu halina kitu, na hapo ndipo ninapoandika 20 ubaoni. Nimefundisha sifuri kwa njia nyingi, kwa vijiti, kwa vizibo vya soda, kwa kuchora, na sijapata njia iliyoishinda hii. Mwaka jana mtoto mmoja alilisogelea dumu lililotoka kumwagwa, akachungulia hadi kichwa kikaingia, akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo: "Madamu, ile sifuri ya ubaoni ndiyo humu ndani!" Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo.

Hapa sina budi kueleza kosa nililolifanya mwaka wa kwanza, maana najua wapo walimu watakaotaka kuanza nalo. Nilihesabu siku za kila mtoto peke yake. Nikafungua daftari la mahudhurio, na siku ya mia nikawapa penseli mpya wale waliokuja siku zote au karibu zote. Nilidhani nahimiza mahudhurio. Kulikuwa na binti mmoja mwenye siku 58. Mama yake ni mchuuzi wa dagaa. Boti zinarudi alfajiri, na mwenye kununua anatakiwa awe mwaloni, pale boti zinapofikia, kabla jua halijachomoza, kisha aanike. Nani anabaki na mtoto mchanga? Ni huyo huyo binti wa darasa la kwanza. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa karabai wakipumzika kwa sababu samaki hawavutiki na taa, ndipo alipokuwa akija mfululizo. Ningelitazama daftari langu kwa makini ningeuona mwezi ukipanda na kushuka ndani yake. Sikutazama. Nilimwacha akae anawaangalia wenzake wakichonga penseli mpya.

Tangu hapo siku tunazozihesabu ni za darasa. Kokwa inadondoshwa kwa niaba yetu sote, aliyekuja na asiyekuja. Anayerudi baada ya wiki mbili anapelekwa na wenzake ukutani, anaonyeshwa: "Hapa ulikuwepo, hapa ulikuwa unaumwa, hapa ndipo tulipo." Hapewi adhabu, wala hapunguziwi kitu. Utoro una dawa zake nyingine, na zinaanzia kwa mzazi.

Sasa siku yenyewe. Mambo ninayoyafanya si mengi, kwa sababu darasa lina watoto 84 na mwalimu ni mimi peke yangu.

Tunaanza nje kwa hatua mia. Tunasimama mlangoni mwa darasa, tunatazama upande wa ziwa, tunatembea tukihesabu kwa sauti. Watoto walikwisha bashiri kabla: wengine walisema tutafika barabarani, mmoja akasema tutafika Kongo. Hatua zao mia ziliwafikisha karibu na mlingoti wa bendera. Zangu mia zikanifikisha kwenye mwembe, mbele yao kabisa. Ukazuka ubishi ambao sikuuzima. Wengine walisema nimeruka namba. Wengine walisema wao ndio walioruka. Tulirudi tukahesabu upya, ikawa vile vile. Mwishowe kijana mmoja mfupi alikuja akaweka unyayo wake kando ya wangu, akautazama, akawaita wenzake. Somo la vipimo lililokuwa limepangwa kwa wiki mbili mbele lilifundishwa pale pale mchangani, na aliyelifundisha si mimi.

Kisha makofi mia. Watoto kumi wanasimama mbele, kila mmoja anapiga makofi kumi na kumwachia mwenzake, darasa linahesabu makumi. Hili ni la kuwachangamsha tu, halichukui muda.

Kazi kubwa ni ya samaki. Natandika karatasi za maboksi zilizounganishwa kwa gundi, ndefu kama mkeka, na hilo ndilo ziwa letu. Kila mtoto anachora dagaa mmoja kwa chaki au mkaa. Mwaka 2024 tulipofanya hivyo waliofika siku hiyo walikuwa 77. Nikawauliza, darasani tupo wangapi? Themanini na wanne. Basi saba hawapo. Watoto wenyewe wakajigawia kuwachorea wasiokuwepo, wakiwataja kwa majina, na aliyekuwa amelazwa akachorewa dagaa mwenye tabasamu. Tukafika 84. Nikauliza, bado wangapi tufike mia? Tulihesabu kwa kokwa, tukapata 16. Nikanyoosha chaki nikisubiri wa kujitolea. Mtoto mmoja aliyekaa nyuma, baba yake mvuvi, akasema: "Hao tuwaache, madamu. Ziwa limefungwa, wazaliane."

Msomaji asiyekaa huku aelewe. Mwaka huo uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika upande wetu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Yaani siku yetu ya mia ilituangukia katikati ya miezi ambayo nyumba nyingi za hapa hazina fedha ya mkononi. Watoto walikuwa wanakuja bila chai. Ningewaambia walete soda na biskuti siku hiyo, ningekuwa nimewafanyia ukatili. Na yule mtoto aliyesema tuwaache wazaliane, kwao ndiko njaa ilikokuwa imekaa. Samaki 16 hatukuwachora siku ile. Tuliacha sehemu yao wazi, tukaizungushia mstari. Agosti, ziwa lilipofunguliwa, tukawachora, na mtoto aliyechora wa mwisho ni yeye.

Kuhusu chakula nina msimamo: sileti, na siruhusu kiletwe. Mwenye uwezo atamfungia mwanawe chapati na mayai, na jirani yake kwenye dawati atameza mate. Ikiwa shule ina uji, wanywe uji kama siku nyingine. Sherehe ya mtoto mdogo si lazima ipitie tumboni, na tumezoea vibaya kudhani hivyo.

Lile la kuwavalisha watoto kama vikongwe sikulichukua. Huko lilikotoka ni mchezo wa heri, lakini kwetu mtoto akipinda mgongo na kushika mkongojo kumwigiza mzee, hata akiwa shuleni, bibi akipita atahisi anadhihakiwa, na mimi nitakuwa nimefundisha utovu wa adabu. Badala yake namwalika bibi mwenyewe. Huja bibi wa jirani na shule. Watoto wanasimama, "Shikamoo bibi!" Anaitika marahaba, anakaa kwenye kiti changu. Kazi niliyompa ni moja, kuhesabu kokwa kumi kumi pamoja nao kama alivyofundishwa yeye utotoni. Anahesabu kwa Kiha. Watoto wanaosikia Kiha nyumbani huachia midomo wazi, hawakutegemea kukisikia darasani. Wanamfuata, wale wasiokijua wanawafuata wenzao, na hadi anafika kwenye mfuko wa kumi darasa lote linahesabu naye.

Halafu namwuliza bibi ni kitu gani hapa Kigoma kimepita miaka mia. Anataja miembe. Anataja Liemba, ile meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Watoto wengi wamewahi kuisikia kwa babu zao. Hawakujua kama inawazidi umri hao babu. Mmoja aliuliza ikiwa meli nayo huamkiwa shikamoo. Bibi alifikiri kwa dhati kabisa, akamjibu kwamba ukipanda ukafika salama, unaweza.

Mwisho kabisa tunaishusha mifuko kumi kutoka kwenye misumari. Hapa sina haraka. Mtoto mmoja mmoja anafungua wavu na kumwaga kokwa zake ndani ya ungo, wote wamesimama kuuzunguka, na mlio wake si ko tena, ni kama mvua inapoanza kwenye bati. Kokwa mia zikiwa ndani ya ungo si nyingi kwa macho ya mtu mzima. Kwa mtoto aliyeshuhudia kila moja ikidondoka, ni rundo. Binti yule mwenye siku 58 sikumfundisha mwaka wa pili, lakini siku hiyo ya kumwaga alipita dirishani akasimama. Nilimwita ndani, nikampa mfuko wa kumi aufungue.

Nimeulizwa na mwenzangu wa Uvinza, atafanyaje na yeye hakuanza Januari, na watoto wake ni wengi kuliko chumba? Mwenzangu, fungua daftari lako la mahudhurio uone leo ni siku ya masomo ya ngapi. Watoe watoto nje chini ya mti, wahesabu kokwa za siku hizo zote kwa asubuhi moja, wazifunge kumi kumi, na zinazobaki ziingie kwenye dumu. Kesho unaendelea na moja. Wavu chakavu ukikosekana, kamba ya mgomba inatosha, ila utumie vijiti badala ya kokwa maana kokwa zitachoropoka. Na kokwa zenyewe zipo kwa mama yeyote anayekamua mawese. Nenda mwenyewe, msalimie, mweleze ni za watoto. Mimi nilikwenda kuomba bakuli moja, nikarudi na ndoo.