Mradi wa programu huria kwa tasnifu ya uzamili: nishike upi?

Swali: Assalam alaikum, kaka. Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, kwetu Malindi. Msimamizi wangu anataka nifanye kazi ndani ya mradi wa programu huria unaohusu huduma za wavuti. Nimepekua GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, hadi kichwa kinaniuma, miradi haina idadi. Java naijua vizuri. Nichague upi?

Jibu: Waalaikum salaam, dada. Anza na swali unaloweza kulipima, mradi utakuja wenyewe. Watahini hawatakuuliza umeandika mistari mingapi ya msimbo. Watakuuliza umegundua nini.

Kwa Java yako, mimi ningekupeleka OpenMRS. Ni mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kukulia kwenye kliniki za Eldoret, na KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa Kenya, umejengwa juu yake. Una huduma zake za REST, yaani njia ya programu kuombana taarifa kwa anwani za wavuti, tena una moduli nyingine inayofuata FHIR, kiwango cha mifumo ya afya kubadilishana taarifa. Yaani taarifa zilezile zinatoka kwenye seva moja kwa njia mbili, na hapo ndipo penye utafiti.

Tazama. Ukiomba taarifa za mgonjwa kupitia `/ws/rest/v1/patient`, ukiongeza `v=full` seva inakumwagia maelezo yake kwa urefu. Ukitumia `v=custom` unataja unachotaka tu, tuseme jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Pima ukubwa wa kila jibu na muda wake wa kufika, kisha upime na jibu la FHIR. Sasa jiulize: muuguzi wa Faza, kisiwani Pate, mtandao ukilegea, anasubiri kwa muda gani katika kila njia? Hilo ni swali la uzamili, na jibu lake lina mtu linayemfaa.

Mtandao mbovu unaweza kuuiga mezani kwako: Linux ina zana za `tc` na `netem`, zinachelewesha pakiti za data na kupoteza nyingine kwa kiwango utakachoweka. Hata hivyo panda boti angalau mara moja ukapime mtandao wenyewe kule, namba zako zisiwe za kubahatisha. Tumia wagonjwa wa kubuni, usiguse rekodi za kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kufuatilia vibali kutakula muda wa tasnifu.

Ukitaka kuchimba zana zenyewe, ipo Apache CXF, ya Java pia, inayobeba REST na SOAP, njia nyingine ya huduma za wavuti inayotumia ujumbe wa XML. Ni kazi nzuri, ila kuielewa ndani kunahitaji muda mrefu.

Mradi wowote utakaoupenda, usihadaike na wingi wa nyota ambazo watu wameupa kwenye GitHub. Fungua orodha ya michango ya watu wa nje uone inajibiwa baada ya siku au baada ya miezi. Kisha tuma sahihisho dogo kabla hujaandika pendekezo la utafiti, uone wanavyokupokea. Soma leseni, na uulize chuo chako msimbo utakaouandika utakuwa mali ya nani.

Lakini usiifunge tasnifu kwenye kukubaliwa kwa msimbo wako. Wasimamizi wa mradi wana ratiba yao, nawe una tarehe ya kuwasilisha. Weka kazi yako kwenye tawi lako, yaani nakala yako ya msimbo, upime hapo, uandike matokeo. Wakiipokea baadaye, alhamdulillahi.