Wasomaji Wanauliza: Ndege ya kwanza ya jeti ya kuangusha mabomu ilikuwa ipi?

SWALI: Mhariri hujambo. Mimi ni msomaji wenu hapa Umoja. Juzi kwa kinyozi tulibishana sana, mmoja anasema Hitler ndiye aliharibu mambo alipolazimisha ile Messerschmitt Me 262 ibebe mabomu, mwingine anasema Wajerumani walikuwa na jeti ingine kabisa iliyotengenezwa kwa hiyo kazi. Nani yuko sawa?

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Huyo wa pili yuko sawa, na ndege yenyewe inaitwa Arado Ar 234. Hiyo ndiyo ndege ya kwanza ya jeti ya mabomu duniani kuingia vitani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ile Me 262 ilikuwa ya kupigana na ndege zingine angani, mabomu iliwekewa tu baadaye.

Lakini hata Arado mwanzoni haikuwa ya mabomu. Walitaka ndege ya kupiga picha, yaani iende mbali, iwe na mbio kuliko yeyote anayeifukuza, irudi na picha basi. Timu ya injinia Walter Blume ikachora kitu chembamba sana, na huo wembamba ukaleta shida yake, mwili wote umejaa mafuta hakuna pa kukunjia magurudumu, kwa hivyo zile za kwanza zilikuwa zinapaa juu ya mkokoteni wa magurudumu matatu unaobaki chini, halafu ikirudi inatua kwa tumbo ikiteleza kwa vyuma virefu kwenye nyasi. Sasa fikiria ndege kumi zimetua hivyo zimelala kiwanjani haziwezi kusogea mpaka zinyanyuliwe moja moja na adui anakuja. Ndio maana toleo la B, ambalo lilianza kuruka Machi 1944, likapanuliwa kidogo likawekewa magurudumu ya kawaida, na kwa vile ndani hakukuwa na nafasi mabomu yakaning'inizwa nje, chini ya tumbo na chini ya injini, mpaka kilo 1,500. Mbio zake zilikuwa kama kilomita 740 kwa saa.

Mimi kinachonishangaza zaidi ni rubani. Alikuwa peke yake! Ndege za mabomu za wakati huo zilikuwa na watu wanne, watano, wengine hata kumi, huyu yuko mmoja ndani ya pua ya kioo, nyuma haoni kitu isipokuwa kwa periskopu iliyo juu ya kichwa chake. Akikaribia mahali pa kushambulia anawasha otopailoti, anausukuma usukani kando, analegeza mikanda, anainama mbele na kuchungulia kwa darubini ya kulenga iliyo katikati ya miguu yake, na akizungusha vidude vya hiyo darubini ndege yenyewe inageuka kufuata, yaani anaiendesha kwa darubini huku macho yako chini hajui nani anamjia kutoka nyuma. Kwa kazi kama hiyo mbio ndio zilikuwa ulinzi wake karibu wote.

Kuhusu Hitler, ni kweli alitaka Me 262 ibebe mabomu, na Mei 1944 alikasirika sana kusikia inatengenezwa kama ya kupigana tu. Lakini hiyo siyo sababu kubwa ya kuchelewa, na hapa nawaomba mlio kwa kinyozi mnisikize vizuri, kilichochelewesha zote mbili ni injini. Miili ya kwanza ya Arado ilikuwa karibu tayari mwisho wa 1941, injini zake za Jumo 004 zikafika 1943, ndege ikapaa mara ya kwanza katikati ya mwaka huo. Na injini zenyewe zilianza kutoka kiwandani kwa wingi katikati ya 1944, wakati Wamarekani na Waingereza tayari wako Normandy, pwani ya Ufaransa.

SWALI: Mimi ni fundi wa magari Kirinyaga Road. Nimesikia ati hizo injini zilikuwa zinakufa baada ya masaa machache. Ilikuwa ufundi mbaya ama nini?

JIBU: Hapana fundi, ufundi ulikuwa mzuri sana, kilichokosekana ni vyuma. Injini ya jeti inachoma mafuta bila kupumzika, moto unapiga turbaini, yaani feni ya chuma iliyo ndani, muda wote nayo inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, kwa hivyo unahitaji chuma kilichochanganywa na nikeli, kromiamu, kobalti, vitu ambavyo Ujerumani ilikuwa inavipata kwa shida. Injinia Anselm Franz na wenzake pale Junkers, kampuni iliyotengeneza hizo Jumo, ikabidi wachore upya injini itumie vitu hivyo kidogo iwezekanavyo, sehemu nyingi za moto zikawa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini kisiungue haraka. Ilifanya kazi, lakini kwa masaa kama 10 mpaka 25, kisha injini inatolewa.

Na rubani hakuruhusiwa kuwa na haraka, akisukuma akselereta ghafla moto unazimika au joto linapanda kupita kiasi. Kuwasha nako utapenda kusikia: kwenye pua ya kila injini kulikuwa na kainjini kadogo ka petroli ka tu-stroku, na ungeweza kukavuta kwa kamba yenye mshikio vile tunavuta jenereta stima zikipotea, kale kanazungusha injini kubwa mpaka ishike. Mafuta ya hiyo injini kubwa hayakuwa petroli safi ya ndege, yalikaribiana na dizeli.

SWALI: Kwa hivyo wangepata miezi sita zaidi wangeshinda vita? Mwanafunzi, Eastleigh.

JIBU: Hapana mwanangu, na hii hadithi inasambaa sana huko mitandaoni. Angalia Arado zilifanya nini hasa. Tarehe 2 Agosti 1944 rubani Erich Sommer alipita juu ya fukwe za Normandy akapiga picha ambazo Wajerumani walikuwa hawazipati manake ndege zao za kawaida zilikuwa zinaangushwa, kazi safi kabisa, lakini jeshi lilikuwa limeshateremka, picha haziwezi kulirudisha baharini. Disemba 24, 1944 kikosi cha KG 76 kikaanza kuzitumia kwa mabomu, wakapiga Liège huko Ubelgiji. Machi 1945 Wamarekani wakaiteka daraja ya Remagen, ya kuvukia mto Rhine kule Ujerumani, Arado zikatumwa pamoja na ndege zingine kuivunja, siku zikapita, daraja ilipokuja kuanguka tarehe 17 jeshi la Marekani lilikuwa limeshajenga zingine za kuelea. Zilitengenezwa kama 200 tu, mafuta hakuna, marubani waliofunzwa hakuna, na adui alishajua kungojea karibu na uwanja azipige zikipaa au zikitua polepole.

Tena hiyo "miezi sita zaidi" ingelipwa na nani? Sehemu ya hizo injini zilikuwa zinatengenezwa ndani ya mahandaki ya mlima Kohnstein karibu na Nordhausen, mahandaki ambayo wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora walilazimishwa kuyapanua. Kambi hiyo ilipitiwa na watu kama 60,000, karibu 20,000 wakafa. Ukisoma habari za hizi ndege zisome na hao pia.

SWALI: Kuna picha ya jeti ya Kijerumani mabawa yameelekea mbele. Ni ya ukweli? Lang'ata.

JIBU: Ni ya ukweli, Junkers Ju 287, iliruka Agosti 1944 kutoka Brandis. Mwili ulitoka kwa Heinkel He 177, na magurudumu ya mbele yalitolewa kwa ndege za Kimarekani za B-24 zilizoanguka. Mabawa ya hivyo yalisaidia ndege isiyumbe ikiwa polepole, lakini ikiongeza mbio yanataka kujipinda. Baada ya vita Warusi waliendelea nayo kwao.

SWALI: Arado bado iko mahali mtu anaweza kuiona?

JIBU: Imebaki moja tu nzima, iko makumbusho ya Smithsonian kule Virginia, Marekani, jengo la Udvar-Hazy karibu na uwanja wa Dulles. Waingereza waliichukua Norway vita vilipoisha, ikavushwa bahari kwa meli HMS Reaper. Ukifika angalia chini ya mabawa, kuna zile roketi ndogo za kuisaidia kupaa ikiwa na mzigo, zilizokuwa zinaachiliwa zikishuka kwa parashuti ili zitumike tena.