Doa mgongoni mwa mama aliyelala: lisuguliwe au liachwe?

Swali: Jambo muganga. Mama yangu ana miaka 78. Kiharusi kilimpata miezi minne iliyopita, upande wa kuume haufanyi kazi, analala mchana na usiku. Tuko Kadutu, hapa Bukavu, namuuguza peke yangu. Kaka zangu wako Lubumbashi. Wiki hii nimeona doa lenye joto mwisho wa mgongo, juu ya makalio. Shangazi anasema nilipake spiriti na kulisugua ili damu itembee. Mgongo wangu nao unaniuma kwa kumnyanyua. Nifanye nini?

Jibu: Jambo dada, na pole sana. Usilisugue tena, na spiriti iweke mbali leo hii. Shangazi anasema alichokiona: hata wauguzi wa zamani walikanda wagonjwa hivyo hivyo. Tumeacha kwa sababu tulikuwa tunaumiza.

Hiyo ni eskari inayoanza, yaani kidonda cha kulala. Mfupa uko juu, godoro liko chini, nyama imebanwa katikati. Uzito ukikaa palepale, mishipa midogo ya damu inafunga na nyama inaanza kufa, mara nyingi kule ndani karibu na mfupa. Ndiyo maana doa linaonekana dogo kuliko madhara yake. Ukisugua unachana nyama iliyokwisha dhoofu, na spiriti inakausha ngozi mpaka inapasuka.

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu, ubonyeze kwa kidole uone kama unapotea. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Fungua dirisha mchana, usitegemee tochi, kisha tumia mgongo wa mkono wako. Linganisha mahali pale na ngozi ya jirani: kuna joto zaidi? Pagumu kama avoka bichi, au panabonyea kama avoka iliyopita kuiva? Mama anakunja uso ukipagusa? Kagua pia visigino, nyonga na nyuma ya masikio.

Kama ngozi haijapasuka, dawa ni kuuondoa uzito. Mgeuze kila saa mbili. Usimlaze ubavu moja kwa moja, maana utahamishia shida kwenye mfupa wa nyonga. Weka mto nyuma ya mgongo wake aegemee nusu, kisha pitisha mkono chini ya lile doa. Ukipita bila kubanwa, umefanya vizuri. Mto mwingine weka chini ya miguu, kati ya goti na kifundo, visigino vining'inie. Ile kata ya kitambaa ambayo watu hukalishia mgonjwa, hapana: kingo zake zinakaba damu pande zote. Wala usimwache ameegemezwa juu siku nzima, kwa sababu anateleza polepole na ngozi inavutwa. Mwinue wakati wa kula, na akae hivyo kama nusu saa au saa moja baada ya chakula. Akikohoa kila anapokunywa maji, mwambie daktari mapema. Huenda kumeza kumeharibika, na maji yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Sasa mgongo wako. Acha kumnyanyua, mviringishe. Simama upande unaotaka ageukie, mkunje magoti yote mawili, mkono wake upite juu ya kifua, halafu shika bega na nyonga umvute kuja kwako huku magoti yako yamekunjika. Mwambie akusaidie kwa mguu wa kushoto: akikanyaga godoro anaweza kuinua makalio kidogo, na hayo ni mazoezi pia. Usimvute kamwe kwa mkono wa kuume. Misuli ya bega hilo imelegea na kiungo kinaweza kutoka mahali pake. Kumsogeza juu kitandani kunahitaji watu wawili na kitenge kilichokunjwa chini yake, kutoka mabega mpaka mapaja. Mnakiinua pamoja, hamkiburuti.

Pampasi ikilowa badilisha upesi, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa, paka vazelini. Ngozi inajengwa na chakula pia: maharage, yai, sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zilizosagwa ndani ya mchuzi.

Hapa nitasema wazi. Kumgeuza mtu kila saa mbili usiku, kila usiku, mtu mmoja hawezi. Familia nyingi hapa Bukavu zinamwachia binti mmoja kazi yote, na walio mbali wanatuma pesa za dawa wakidhani sehemu yao imekwisha. Waambie kaka zako hesabu yenyewe: kugeuza mara kumi na mbili kwa siku. Pesa ya kwanza watakayotuma isiende kwenye pomadi za bei, iende kwenye godoro nene la sponji. Lijaribu hivi: mama akiwa amelala, ingiza kiganja chini ya godoro, chini ya makalio yake. Ukiusikia mfupa, godoro hilo limekwisha. Pesa ya pili imlipe binamu au jirani alale hapo usiku kadhaa kila wiki, naye umfundishe kugeuza kwa namna hii, ili wewe ulale usingizi mzima.

Ngozi ikifunguka, ikiwa nyeusi ti, ikitoa usaha au harufu, mama akipata homa au akianza ghafla kuchanganyikiwa, ni hospitali siku hiyohiyo. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Kadutu gari haliwezi kuzifikia, zungumza sasa na vijana wanne wa jirani watakaombeba kwa machela mpaka barabarani, na uwe na namba zao hata za usiku.